Pampasi Hazichomwi

Asubuhi niliyoondoka Iguguno sikuwa na mpango wowote. Niliamka, nikakunja kanga zangu, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikaenda kusimama barabarani. Msimu wa alizeti ulikuwa umekwisha na mashine ya kukamulia mafuta, niliyokuwa nikifagia mashudu yake, ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimeshajua kila kitu kuhusu mashine ile: kwa nini mashudu hutoka ya moto, kwa nini mafuta ya kwanza huwa machafu, kwa nini fundi wake huisemesha kama ng'ombe. Nikishajua kitu, miguu huanza kuniwasha. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu hiyo hiyo, ingawa nyumbani waliita utoro.

Lori la kwanza kusimama lilikuwa linakwenda Singida Mjini. Lingekuwa linakwenda Nzega, leo ningekuwa nasimulia habari za Nzega.

Nilishuka na njaa, nikaingia kwenye banda la mama lishe pembeni ya stendi. Aliyeniletea wali alikuwa binti wa miaka kama ishirini, mtoto mgongoni, jasho linamtoka yeye na linamtoka mtoto. Mwenye banda, mama mnene mwenye sauti ya kuita mabasi, alikuwa akimsema bila kumwangalia.

"Kesho huyo mtoto simtaki hapa. Siku mafuta yakimrukia utasema nilimwagia mimi."

"Sasa mama, nimwache kwa nani?"

"Aliyekupa yeye hana mikono?"

Wateja wakacheka. Binti naye akacheka kidogo, lakini sahani yangu aliitua mezani kama anatua tofali. Nikamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Saba. Wa kike? Wa kike. Analala saa ngapi, anakula nini, meno yametoka? Mimi huuliza tu, ni ugonjwa wangu. Kabla sijamaliza wali, zamu ya kuuliza ikawa yake.

"Dada, wewe unafanya kazi wapi?"

"Sifanyi."

"Unakaa wapi?"

"Sijajua."

Akaniangalia kama mtu aliyeona kuku asiye na mwenyewe. Jioni ile alinipandisha mwenyewe mpaka kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na chumba cha kupangisha, juu kule kwenye majabali, ambako nyumba zimekaa katikati ya mawe kama mbuzi waliojipumzisha. Binti mwenyewe alikuwa anakaa chini kidogo, mtaa unaofuata. Asubuhi iliyofuata, kabla sijanawa uso, mtoto alikuwa mikononi mwangu pamoja na paketi ya pampasi na chupa ya uji. "Mpaka saa tisa tu, dada." Akarudi magharibi.

Ndivyo nilivyoanza kulea watoto wa watu. Mwezi haujaisha nilikuwa nao wanne. Watatu walikuwa wa pampasi. Wa nne, wa kiume, alijua kuomba choo, ila alikumbuka kuomba akishamaliza. Majirani wakakiita chumba changu deikea. Nilikuwa na mkeka mmoja, godoro moja, beseni mbili, na ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye mfuniko. Watu wakifikiria kazi ile wanafikiria vilio. Vilio nimevisahau. Nakumbuka mgongo, na ile ndoo.

Siku ya kwanza kabisa bibi mwenye nyumba alinipeleka chooni. Hakunionyesha chumba kwanza, alianza na choo. Alisimama mlangoni na fimbo yake akanionyesha tundu.

"Unaona hili shimo? Marehemu mume wangu alilichonga kwenye jiwe. Alikuwa anakoka moto juu ya mwamba, jiwe likishika moto anamwaga maji, likipasuka anapiga nyundo. Kiangazi kizima. Mikono ikawa kama ya mamba. Hapa hapachimbwi mara ya pili."

"Nimeelewa, bibi."

"Bado hujaelewa. Mpangaji aliyepita alikuwa anatupa pampasi humu. Zikavimba. Zinavimba humo ndani kama maandazi! Nikiikuta hata moja, utaingia mwenyewe kuitoa, nami nitakumulika tochi."

Alisema kweli juu ya kuchimba. Nilijaribu nyuma ya jiko lake nikiwa na jembe la kuazima, na kabla shimo halijafika kina cha kiwiko, jembe likagonga mwamba na mikono ikafa ganzi. Nikajaribu hatua tano kushoto. Mwamba. Singida ile ni jiwe moja lililotandikwa udongo juu, kama kitanda cha wageni kinavyotandikwa shuka zuri juu ya godoro bovu.

Na akina mama wa watoto nao walikuwa na sheria yao. Sikumbuki hata mmoja aliyeacha kuitaja. Walinitajia asubuhi ya kwanza, wakiwa wameshageuka kuondoka, kwa sauti ile ile ya kusema mtoto asipewe sukari.

"Dada, pampasi za mwanangu usichome."

Kinyesi cha mtoto hakichomwi. Ukikichoma, unamchoma yeye mwenyewe matako, atatoka malengelenge. Mama wa yule wa miezi saba aliongeza kwamba wala nisizitupe ovyo, maana mtu mwenye nia mbaya anaweza kuokota. Nilimuuliza sasa nizipeleke wapi. Alifikiri. Nilimwona kabisa akifikiri. Kisha akasema, "Wewe utajua, dada," akaharakisha kushuka.

Gari la taka lilikuwa linapita barabara ya chini, siku lipendayo. Lilipopiga honi ulitakiwa ushuke mbio na mzigo wako. Mwenye watoto wanne hashuki mbio. Mara moja nilijaribu: mmoja mgongoni, mmoja kifuani, wawili nimewashika kwa mkono mmoja, ndoo kwa mkono mwingine. Nilipofika, gari lilikuwa limeshakata kona na vumbi lake limeshatulia. Tukapanda tena, na ndoo yetu, na yule wa kiume ndipo akakumbuka kuomba choo.

Nikaanza kuziweka kwenye kiroba na kukificha katikati ya mawe nikisubiri Jumapili, siku ambayo sikuwa na watoto, nikipeleke mwenyewe dampo. Mbwa wakakipata Ijumaa. Jirani yetu wa kulia alikuwa mzee wa makamo, mtu safi sana, muuza dawa za mifugo. Alikuja saa sita mchana akiwa ndani ya kanzu nyeupe, amejitayarisha kwenda msikitini, ameshika kijiti kirefu, na kwenye ncha ya kijiti inaning'inia pampasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii barua imeletwa mlangoni kwangu. Nimeisoma, haina jina. Nikasema labda ni yako."

"Naomba samahani, baba. Ni mbwa."

"Mbwa ni tarishi tu. Mwandishi ni nani?"

Alikiweka kijiti chini taratibu, akarudi kuoga upya. Hakunigombeza, na ndiyo maana niliona aibu mpaka jioni.

Niseme pia kwamba nilikuwa napenda kujua ile pampasi ni kitu gani. Adhuhuri moja wote wanne walilala kwa pamoja, jambo lililotokea mara mbili tu katika maisha yangu, nikachukua moja mpya na wembe nikaipasua. Ndani kulikuwa na pamba laini, na ndani ya pamba punje nyeupe nyepesi kama chumvi ya mezani. Nikazimwagia kikombe cha maji. Zikanywa. Cha pili zikanywa. Cha tatu zikavimba zikawa kama uji wa mgonjwa, na maji hayaonekani. Bibi akapita.

"Unapika nini?"

"Sipiki, bibi. Naangalia."

"Mtu mzima na akili zake anaangalia pampasi," akasema, lakini akavuta kigoda akaangalia na yeye.

Nikaongeza chumvi, kuona tu. Ule uji ukalegea wenyewe, ukaachia maji yote. Nilifurahi kama nimegundua madini. Kwa wiki nzima nikawa nazipasua zile za mkojo, nazitia chumvi kwenye beseni, namwaga maji yake nyuma ya jiko, na makapi yanabaki mepesi. Kisha maboga ya bibi yakanyauka, mstari mzima, majani yakajikunja kama mikono ya wazee. Bibi hakujua ni nini. Nilimwambia huenda ni jua. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza pale.

Nyuma ya nyumba yetu, juu zaidi, kulikuwa na akina mama watatu wanaopasua kokoto. Kazi yao ilikuwa kama ile ya marehemu. Kila baada ya siku saba au nane walikoka moto mkubwa juu ya mwamba, magogo na vipande vya matairi, ukawaka siku nzima, na jiwe likishakomaa kwa moto wakalipiga nyundo. Walizungumza Kinyaturu, nami nimekulia kwenye Kinyiramba, kwa hiyo nilikuwa nadaka neno moja na kuachia mawili, lakini walipocheka nilijua wanamcheka nani. Nilikaa sana nikiutazama moto ule. Haukuwa moto wa jikoni. Tairi liliingia jeusi na hakikutoka kitu.

Siku moja, walipokwenda kunywa chai, nilimwachia bibi watoto, nikapanda na ndoo yangu nikaimwaga yote katikati.

Nilijua nafanya nini. Nilikuwa nimeambiwa na wazazi watatu, kila mmoja kwa kinywa chake. Lakini niliona kwamba asiyeniambia pa kuzipeleka hawezi kuniambia pa kutozipeleka. Ziliwaka. Nilikaa nikazingoja mpaka za juu zikawa majivu, nikashuka na ndoo tupu, nyepesi, na usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Shida ni kwamba moto ulikuwa mmoja kwa wiki, na watoto hawakungoja moto. Siku ya nne ndoo ilijaa. Ya tano mfuniko haukufunga. Chumba kilikuwa kimoja. Nilikula humo, nililala humo, watoto walicheza humo. Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuliamua. Sikukaa chini nikaliamua. Nilianza tu kumgusa mtoto pampasi, nikaona imejaa nusu, nikajiambia bado. Baadaye tena, bado kidogo. Pampasi isiyovuliwa haina haja ya kutupwa. Mtoto wa miezi saba alikuwa mpole kuliko wote, halii kwa kulowa, kwa hiyo yeye ndiye aliyengoja zaidi. Kutoka nne kwa siku akafika mbili. Siku nyingine ilikuwa moja na nusu, kama naweza kusema hivyo, maana ya pili alirudi nayo nyumbani.

Mama yake alikuwa ananiletea paketi nzima kila inapoisha. Wiki moja akaleta mpya, nikamwambia aondoke nayo, ya zamani bado ipo.

"Bado ipo? Jamani dada! Yule aliyekuwa ananishikia zamani alikuwa anazimaliza kama karanga. Wewe unajua kubana."

Nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu. Mtu aliyechoka akisifiwa hachunguzi anasifiwa kwa lipi.

Vipele vilianza kwenye mikunjo ya mapaja. Nilivipaka mafuta ya mgando. Vikaungana, ngozi ikawa nyekundu, ikaanza kung'aa, na asubuhi moja nilipomwosha alilia kilio ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake, kile cha kukata pumzi katikati. Ngozi ilikuwa imeachia kidogo pembeni. Nikampepea kwa kanga. Nilijiahidi kumwambia mama yake jioni.

Ilikuwa siku ya moto. Nikaenda na ndoo yangu juu kama kawaida.

Ila nilikuwa nimesahau upepo. Kuanzia kipupwe mpaka mvua zinakaribia, upepo wa Singida hauombi ruhusa. Unafunua mabati, unabeba nguo za watu. Siku ile ulikuwa unazunguka. Ulichota kutoka kwenye moto vipande vyepesi vilivyoungua nusu ukavishusha kule njiani, na njiani alikuwa anapanda mama wa mtoto, ambaye kwa mara ya kwanza tangu anijue alikuwa anarudi mapema. Alikuwa ameona vipele usiku uliopita, akaomba ruhusa.

Pampasi zake zilikuwa na picha za tembo wadogo wa kijani. Za wale wengine hazikuwa na picha. Alisimama mlangoni ameshika kipande kilichoungua ukingoni, na tembo wawili wako juu yake, mmoja mzima, mmoja amebaki miguu.

"Dada. Hii ni nini?"

Nikatua ndoo tupu chini.

"Nilikuambia nini siku ile? Si nilikuambia? Mtoto anaungua, mimi namwosha usiku mzima, najiuliza kala nini, kumbe wewe unamchoma! Unamchoma huku juu na akina mama wale wanaona!"

Mmoja wa wapasua kokoto alishuka kwa kelele, nyundo mkononi. Aliposikia habari akashika kiuno.

"Kwenye moto wetu? Ndiyo maana jiwe limekataa kupasuka wiki iliyopita!"

"Jiwe limekataa kwa sababu nyundo unaishika kama bibi harusi," bibi akamwambia kutoka kwenye kigoda. Kisha akanigeukia mimi, na hakukuwa na mzaha machoni. "Umechoma?"

"Nimechoma, bibi."

"Mpelekeni mtoto zahanati. Kelele hazikaushi kidonda."

Wale wengine nikamwachia bibi, tukaenda mimi na mama wa mtoto, yeye amembeba mtoto mbele, mimi nimebeba mkoba nyuma. Kwenye benchi watu walikuwa wengi. Mtoto alilala kwa uchovu, akiwa kifudifudi juu ya mapaja ya mama yake, bila nguo chini, kanga imeinuliwa isimguse. Nikakaa naangalia ile ngozi. Hakukuwa na kingine cha kuangalia.

Nesi alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani kwenye paji la uso. Aliishusha, akaangalia, akaipandisha.

"Imekuwaje?"

"Amechomewa pampasi," mama akasema.

"Nani kakudanganya? Mama, moto ulioko huko nje hauwezi kumchubua mtoto aliyeko kwenye mkeka. Huu ni mkojo. Mkojo umekaa na ngozi muda mrefu. Anabadilishwa mara ngapi kwa siku?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Anambadilisha vizuri, nesi. Hapo siwezi kumsingizia. Huyu dada kwa usafi simtilii shaka. Kosa lake ni kuchoma tu."

Nesi akanitazama juu ya miwani ambayo haikuwa hata machoni. Alijua. Wanajua. Akaandika, akatoa dawa ya kupaka, akasema mtoto akae wazi apate hewa, na kila akilowa abadilishwe papo hapo, abadilishwe, abadilishwe, alirudia mara tatu akiwa ananiangalia mimi.

Ningeweza kunyamaza. Nimewahi kunyamaza kwa mambo makubwa kuliko lile, nikaondoka mjini asubuhi yake na hakuna aliyejua. Na njia ilikuwa imefunguliwa kabisa: nimekosa kwa kuchoma, nesi amesema moto si kitu, basi sina kosa. Mama yule mwenyewe alikuwa ameanza kulainika. Tulipofika kwenye kilima alinipa mtoto nimpokee, akasema, "Samahani dada, nilipayuka." Mtoto akaweka kichwa chake begani kwangu kama kawaida yake.

Nikasimama.

"Si moto," nikasema. "Nilikuwa simbadilishi."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa namwacha nayo. Mara mbili kwa siku, siku nyingine pungufu. Sikuwa na pa kuzitupa. Ndoo ilikuwa inajaa. Nikawa nangoja."

Niliona inavyomwingia, polepole, kama maji kwenye zile punje.

"Kumbe ndiyo maana paketi ilikuwa haiishi."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakusifu."

"Ndiyo."

Alimchukua mtoto, hakumnyakua, alimchukua tu, akakaa juu ya jiwe pembeni ya njia. Hakulia. Alisema, "Bora ungekaa na uongo wako. Sasa kesho namwacha kwa nani?"

Nilifikiri sitamwona tena, lakini asubuhi yake, giza halijaisha, akagonga. Alinipa mtoto, dawa, na pampasi tano zilizofungwa kwenye kitambaa.

"Nimezihesabu. Jioni nataka kuziona zote tano, zimetumika. Weka zake peke yake. Nitaondoka nazo mwenyewe."

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Nitakuja kuziona."

Na alikuja. Jioni, mbele ya watu, mama yule aliyekuwa amesimama jikoni tangu alfajiri aliinama juu ya ndoo yangu, akazikunjua moja moja, akaangalia, akazikunja, akahesabu kwa sauti mpaka tano, akazitia kwenye kiroba akashuka nacho. Alizipeleka wapi sijui. Katika mambo yote niliyowahi kutaka kujua, hilo sikuuliza. Mchana nilikuwa namlaza mtoto bila nguo juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, na kanga zangu zote zikawa zinashinda kwenye kamba. Wale wengine nikawa nawabadilisha kila wanapolowa, na ndoo ikajaa siku ya pili, na Jumapili nikawa natembea mpaka dampo na viroba viwili mabegani, nikipumzika kila kwenye kivuli. Ilikuwa inawezekana. Ilikuwa inachosha tu. Hilo ndilo lililoniumiza nilipolifikiria njiani: ilikuwa inawezekana tangu mwanzo.

Wiki ya tatu ngozi ilifunga. Ikabaki alama nyepesi ya waridi, kisha hata hiyo ikapotea. Jioni ile mama alihesabu tano zake, akamgeuza mtoto kuelekea kwenye mwanga, akampapasa kwa kiganja.

"Amepona," akasema.

"Amepona."

"Mama yangu mdogo anakuja kutoka kijijini Jumatatu. Atakaa na sisi."

"Ni vizuri."

"Dada, sikuchukii. Lakini nikiwa kazini nataka niwe nafikiria wali tu."

Nikamwambia nimeelewa. Mtoto alikuwa amenishika kidole, ikabidi tumfungue vidole kimoja kimoja, mimi na yeye, vichwa vyetu karibu karibu.

Wale wengine hawakuniacha. Hakuna aliyekuja kusema neno. Pengine hawakuwa na pa kwenda. Mimi ndiye niliyewapa taarifa, nikawapa wiki mbili watafute mtu. Bibi nilimweleza habari ya maboga, maana sikutaka kuondoka na lile nalo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Nilionja udongo."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utachukua muda gani."

Niliondoka asubuhi, tena bila mpango, na begi lile lile. Stendi nilipita upande wa pili ili nisionekane bandani. Gari lililokuwa karibu kujaa lilikuwa la Manyoni. Manyoni nikakuta watu wanapanda gari dogo la Kilimatinde, nikapanda nao, kwa sababu nilikuwa nimesikia ni juu mlimani na kuna majengo ya zamani ya Wajerumani, na sijawahi kuona. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kuona kwenyewe nilikuona kama kazi.

Tulifika jua limeshalegea. Nikaelekezwa kwa mama mmoja mwenye nyumba ya tofali za kuchoma na vyumba viwili vya uani. Alikuwa anapepeta mtama, na pembeni yake juu ya mkeka mjukuu wake, wa miezi mitano hivi, amelala chali anapiga miguu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza natoka wapi, nimekuja kwa nani. Nikamwambia natoka Singida, sijaja kwa mtu.

"Una mtoto?"

"Sina, mama."

"Chumba kipo. Choo kile pale. Maji tunachota."

"Hapa panachimbika?"

"Panachimbika nini?"

"Udongo. Ukichimba, unakwenda chini?"

Aliacha kupepeta akaniangalia. "Unataka kuzika nini?"

Hapo mtoto akaanza kulialia pale mkekani. Nilikuwa nimejiambia tangu Manyoni kwamba sitashika tena mtoto wa mtu. Mkono ulikwenda wenyewe, ukamgusa chini.

"Amelowa," nikasema.

"Ah, mwache, mama yake anarudi sasa hivi kisimani."

"Nepi zake ziko wapi?"

Akanionyesha kamba kwa ungo. Zilikuwa vipande vya kanga kuukuu, vimekauka. Nikatua begi mlangoni mwa chumba ambacho nilikuwa bado sijakiona ndani, nikaenda kuanua kimoja.